Kampuni ya Mbegu Imenigeuza Tangazo

Nimekuwa tangazo jamani, na mahindi yangu hayajaota!

Juzi binti yangu Neema, msomi wangu wa diploma, aliweka picha ya shamba letu tupu kwenye ukurasa wa mtandaoni wa kampuni iliyotuuzia mbegu.

Leo wakaja watu wawili wa kampuni na gari hadi hapa kijijini Mwazye.
"Shikamoo mama, pole sana."

Mgeni hagombezwi akiwa na njaa. Nikawapikia ugali wa ulezi na kuku.

Wakanisimamisha mbele ya mahindi ya jirani, nimeshika mfuko wao wa mbegu.
"Cheka mama, picha ni ya ripoti kwa bosi."
Nikacheka!

Sasa picha ya Neema wameifuta. Yangu ndiyo ipo: "Mama afurahia mbegu zetu."

Na majirani wananiuliza zinauzwa wapi.

Msinunue! Njooni mlione shamba langu, mje na simu zenu, Jumapili baada ya misa.