Vifaranga wa Shangazi Felista

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya mwezi wa saba ambayo haijawahi kunitoka kichwani, na tangu niliposikia kwamba umeleta vifaranga nyumbani kwako Nakwa imekuwa ikinirudia karibu kila siku. Sijawahi kuisimulia kwa mtu wa rika lako. Nitakueleza kama ilivyokuwa, hatua kwa hatua.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nikiishi Maisaka, hapa Babati, kwa shangazi yangu Felista, dada mkubwa wa baba. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na watu wa kwetu Singida walitaka arudi nyumbani. Baba mdogo alikuwa ameshatuma ujumbe mara mbili kwamba chumba kipo tayari. Shangazi hakutaka. Aliyajua maisha ya mwanamke mtu mzima anayekaa katika nyumba ya mdogo wake: atatumwa kama binti wa kazi, na hata chumvi ya kuonja mboga yake ataiomba. Alimjibu baba mdogo ampe muda mpaka kuku wake waanze kutaga. Wakitaga, atabaki Babati. Wasipotaga, atapanda basi.

Ndivyo maisha yake yalivyokuja kuegemea vifaranga mia moja wa siku moja, walioletwa kwa basi kutoka Arusha ndani ya boksi lenye matundu. Tuliwaweka katika chumba cha nyuma chenye sakafu ya saruji. Shangazi alimwaga maranda ya mbao mpaka yakafunika vidole vya miguu, akazungusha hadibodi ikawa duara ili wasipate kona ya kujibana, na katikati akaweka jiko la mkaa juu ya matofali. Dirisha la juu aliliacha wazi kidogo ili moshi na hewa ya mkaa vitoke. Sehemu ya chini ya mlango aliiziba kwa gunia, kwa sababu unaujua upepo wa huku wakati wa kipupwe, unavyotambaa chini chini.

Siku ya tano akapata taarifa kwamba rafiki yake wa kwaya amefiwa kule Sigino. Ilibidi aende akalale huko usiku mmoja. Kabla hajaondoka alinisimamisha mlangoni.

"Usiangalie jiko, waangalie wao," aliniambia. "Wakijikusanya, wana baridi. Wakikimbilia pembeni wakipumua midomo wazi, wameungua. Wakitapakaa, huyu anakula, huyu amelala, waache. Na uwaangalie ukiwa umeinama, Eli. Ukisimama utaona migongo tu."

Niliitikia, lakini moyoni nilimwona mtu wa zamani. Mimi nilikuwa na kipimajoto. Nilikipata kwenye semina ya vijana ya ufugaji, pamoja na karatasi iliyoandikwa joto linalotakiwa kwa kila wiki. Alipoondoka tu nilipigilia msumari ukutani, usawa wa macho yangu, nikakitundika. Nikafungua daftari jipya, nikapiga mistari kwa rula: saa, joto, maoni. Kisha nikafanya usafi. Maranda mengine yalikuwa yameloa, nikayazoa, nikabakiza tabaka jembamba. Hadibodi ilinizuia kufagia, nikaitoa. Gunia la mlangoni lilikuwa limechafuka, nikalifua na kulianika uani. Chumba kikapendeza. Kipimajoto kikaonyesha joto limezidi kidogo lile la kwenye karatasi, nami nikapunguza mkaa.

Mchana huohuo Mama Tluway, mjane Mgorowa aliyekuwa jirani yetu, aliniita kwenye ua wa mabati. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kwa nini watoto wa Felista wanalia. Nikamwambia kwamba wamekula, wana maji, na joto nimepima, liko sawa.

"Umepima wapi?"

"Pale ukutani, mama."

"Kwani siku hizi wanalala ukutani?"

Alicheka, na mimi nikaudhika. Nilimweleza kwa heshima yote ya mtu aliyeudhika kwamba hicho ni kipimo cha kitaalamu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Haya, mtaalamu. Nenda ukalale chini pale walipo, hata dakika tano, ndipo uje uniambie." Nilikuwa nimevaa shati jeupe, nataka kwenda mjini kupeleka barua ya maombi ya kazi. Sikulala chini. Nilikwenda mjini, nikarudi jioni, nikasoma kipimajoto, nikaandika kwenye safu ya maoni neno moja: vizuri.

Asubuhi nilikuta jiko limezimika na chumba kimya. Kwenye kona karibu na mlango kulikuwa na rundo la manyoya ya njano. Waliokuwa juu walikuwa hai, wanatetemeka. Waliokuwa chini walikuwa wamekandamizwa na wenzao, baridi kama mawe ya mtoni. Nilipiga magoti kuwatenganisha, na hapo ndipo upepo uliopita chini ya mlango ulinipiga mikononi. Niliinama zaidi, nikaweka shavu kwenye saruji. Pale chini palikuwa na nchi nyingine kabisa, ya baridi, nami nilikuwa nimeshinda siku nzima nikipima joto la kichwa changu. Walibaki thelathini na wanne. Niliwasha moto, nikarudisha maranda, hadibodi na gunia. Kufikia saa nne walikuwa wametapakaa, wanadonoa. Walikuwa wazima.

Mpaka hapo, mwanangu, nilikuwa nimefanya kosa la kijana. Yaliyofuata yana jina jingine.

Shangazi alirudi adhuhuri, na kanga ya msibani ikiwa bado begani. Alisimama mlangoni akahesabu kwa macho. Kabla hajauliza nikaanza kusema. Nilisema ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku unaoambukiza na kumaliza banda zima. Nilisema nimeona kinyesi cha kijani, nimeona shingo zinapinda, wameanguka mmoja mmoja. Dalili hizo nilizisoma kwenye karatasi ileile ya semina, nami nilizipanga vizuri, zikaaminika. Nikamwonyesha na daftari. Alipitisha kidole kwenye safu ya joto kutoka juu hadi chini, akanirudishia, akasema nimejitahidi.

Nilidhani limeishia hapo. Sikujua kwamba uongo ukishasemwa nao hutaka kufanyiwa kazi. Shangazi aliwatazama wale thelathini na wanne waliokuwa wanakula.

"Na hawa wameshaupata," alisema. "Bado haujaonekana tu. Tukiwaacha, kuku wa Mama Tluway wataisha wote, na yeye hana kingine."

Akaniambia nichimbe shimo nyuma ya choo.

Nilikuwa na muda, usidhani sikuwa nao. Udongo wa pale ulikuwa mgumu, nilichimba taratibu, na kila nilipoinua jembe niliweza kusema. Mama Tluway alikuja tena kwenye ua. Aliona shimo, akaona boksi ambalo ndani yake vifaranga walikuwa wakilia kwa sauti ya afya. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Eli, huna neno la kumwambia shangazi yako?" Nikasema sina. Alikaa pale kidogo, kama mtu anayengoja chenji, kisha akaingia ndani. Shangazi alifanya mwenyewe ile kazi. Alisema mimi bado mdogo, nisiumie.

Siku zilizofuata alimwaga chokaa chumba kizima, akachoma maranda na hadibodi. Watu walimwambia ugonjwa ule hukaa ardhini muda mrefu, asithubutu kuleta wengine. Kama angejua ni baridi, angewalea wale waliobaki mpaka wakataga, maana kwa mtu mmoja kuku thelathini wanatosha kuanzia. Mwezi wa tisa alifunga mizigo. Nilimbebea begi mpaka stendi. Tulipopita kwa Mama Tluway walikumbatiana kwa muda mrefu. Nami nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Katika maisha yangu sijawahi kunyimwa marahaba na mtu mwingine yeyote, na sijawahi kuona kwamba nilionewa.

Shangazi aliishi Singida miaka kumi na tisa katika kile chumba cha baba mdogo. Hakuteswa, lakini alikuwa mtu wa kutumwa, kama alivyojua. Nilimwambia ukweli mwaka wake wa mwisho, tukiwa tumekaa barazani, yeye hawezi tena kutembea bila kushikwa. Nilieleza yote: msumari, gunia, daftari, shimo. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Wale wa mwisho walikuwa wazima?"

"Walikuwa wazima, shangazi."

Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Halafu akaniomba nimsaidie kuingia ndani. Hatukulizungumza tena, na mwezi wa pili baada ya hapo tulimzika.

Basi mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Taa yako ya umeme ni nzuri, na kipimajoto ni kizuri, lakini kitundike usawa wa mgongo wa kifaranga, si usawa wa macho yako. Maranda yawe mengi. Usiwaachie kona. Upepo uzibe chini, hewa uiache ipite juu, na umeme ukikatika ukawasha mkaa usijifungie nao. Kila unapoingia, inama. Anayemlea mdogo akiwa amesimama atajua habari zake mwenyewe tu. Na mtu mzima akikuambia lala chini uone, livue hilo shati ulale.

Lakini hata ukiyafanya yote hayo, ipo siku utaharibu. Siku hiyo nenda kwa uliyemharibia kabla hajaketi, umwambie nilifanya hivi na hivi. Atakukasirikia, na hasira yake itakuwa haki yake. Usimpe ugonjwa wa kubuni, kwa sababu ataanza kuutibu, na atautibu kwa kile alichobaki nacho.

Mungu akulindie hao wadogo wapite salama kipupwe hiki. Akupe magoti yasiyochoka kuinama, na nyumba ambayo mtu anaweza kusema nimekosea, na jioni bado akawekewa chakula.