Begi la Kupakata

Kwetu Madale, jirani akikupa lifti ukakuta begi lake kwenye kiti, huliweki chini miguuni. Unalipakata mpaka mfike. Ni adabu ndogo tu, kama kuitikia shikamoo. Kwa adabu hiyo mume wangu alifungwa.

Jirani alimpandisha Tegeta. Njiani askari wakasimamisha gari, wakapekua bila kumwita shahidi yeyote wa pembeni, wakakuta bangi ndani ya begi alilolipakata mume wangu. Jirani, mwenye gari na mwenye begi, akaapa kuwa halijui. Mwanamume mzima, ndevu kazichonga vizuri, roho ya panya. Yeye wakamfanya shahidi wa mashtaka, mume wangu wakamfanya mfungwa.

Tukakata rufaa. Nilikaa benchi la nyuma nikimsikiliza jaji, sauti imemlegea kama mtu aliyetoka kushiba ubwabwa. Akasema mume wangu alikuwa abiria tu; gari si lake, kwa hiyo hana haki ya kulalamikia lilivyopekuliwa. Haya, nikameza. Hata pumzi hajavuta, akasema begi alikuwa amelipakata, kwa hiyo ni lake. Nikacheka kwa sauti, karani akanitolea macho. Kumbe ukitaka kulalamika wewe ni mgeni, ukitakiwa kufungwa wewe ndiye mwenye nyumba! Mtu kasoma sheria mpaka mvi zimemtoka, halafu anatuletea hayo. Nilimdharau pale pale, na sijaacha.

Tukapanda juu zaidi. Majaji watatu wakasema upekuzi usio na shahidi huru hauaminiki, na abiria ana haki ya kuupinga, maana aliyefungwa kwa upekuzi huo ni yeye. Jambo jepesi hivyo, na lilimla mume wangu miaka.

Siku aliyotoka, jirani alitukuta barabarani akashusha kioo. "Shemeji, mwambie braza apande, niwasogeze."

Hata haya hana. Nilitema mate chini, tukaendelea kutembea.

Nyumbani nikamletea mwanawe, aliyezaliwa baba yake akiwa ndani.

"Mpakate basi," nikamwambia.

Akarudisha mikono nyuma.

"Mweke hapo kitini kwanza," akasema.