Betri Zitazame Upande Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana wala nyundo. Msimamizi wa Karakana pale bandarini Kigoma, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitazama viatu, akanitazama mikono, kisha akanipa tochi ndogo ya bati, saizi ya mfukoni, ya betri mbili nyembamba.

"Iwashe," akasema.

Nikasukuma swichi. Giza. Nikaigonga kwenye kiganja kama kila mtu afanyavyo, giza lile lile.

"Ifungue."

Ndani nilikuta betri moja imetazama mbele na nyingine nyuma. Nikasema kuna mtu amekosea. Msimamizi akasema aliyekosea ni mimi. Swichi ya tochi hujisukuma yenyewe mfukoni ukiinama, na betri siku hizo zilikuwa adimu, kwa hiyo fundi wa meli kabla ya kuweka tochi mfukoni alikuwa anageuza betri moja ili umeme usipite. Akiihitaji, anafungua mkia wa tochi na kuirudisha.

"Na nikiwa gizani nisikumbuke niligeuza ipi, mzee?"

"Geuza yoyote. Zitazame upande mmoja, basi. Zote mbele au zote nyuma, globu haina ubaguzi."

Akanifumbisha macho, akanifanyisha zoezi hilo mpaka saa ya chakula. Ninyi mlio na tochi ndani ya simu mtacheka, na chekeni tu, lakini nilipofumbua macho nilikuwa nimefundishwa jambo ambalo vidole vyangu havijalisahau hadi leo, na ambalo nusura limuue mtu.

Aliyefundishwa pamoja nami wiki hiyo aliitwa Bukuru. Kwa wasiojua majina ya kwetu, Bukuru ni pacha aliyetangulia kutoka. Wazazi wake walitoka Burundi wakahamia mtaa wa Buzebazeba, naye alikuwa mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa iliyofanya kazi ndogo ndogo kwa upole wa ajabu. Miaka ya karakana tulikaa meza moja. Tulisafisha nozeli za injini, tukachonga vipuri ambavyo havikuwa vinapatikana dukani, tukagombana kuhusu mpira. Tulipohamishiwa melini tulihamishwa pamoja, mimi fundi wa umeme na mitambo midogo, yeye mpaka mafuta, yaani mtu anayezunguka kwenye mitambo kuhakikisha kila kinachozunguka kina mafuta na hakijapata moto.

Meli yetu ilikuwa ndogo na nzee. Ilibeba saruji na unga kwenda kusini, ikarudi na mchele, mapipa ya mawese, magunia ya dagaa na abiria waliokaa juu ya hayo yote. Chumba cha injini kiko chini ya usawa wa maji, kwa hiyo humo saa sita mchana na usiku ni kitu kimoja. Nyuma yake kuna handaki, njia nyembamba ya kuinama inayopita chini ya shehena, na ndani yake unalala mhimili mrefu wa chuma, shafti, unaopeleka nguvu za injini mpaka kwenye propela. Mwisho kabisa wa handaki ndipo shafti inapotoka nje ya meli. Pale pana kifuniko chenye nati nne kinachobana kamba nene iliyolowa grisi ili ziwa libaki nje. Kifuniko hicho lazima kivuje kidogo, tone moja moja, shafti ipoe. Kikivuja zaidi ya hapo, una tatizo.

Na mlangoni mwa handaki palikuwa na mlango wa chuma unaoteremka kwa kuzungusha gurudumu, na pembeni yake mstari mwekundu wa rangi. Maji yakifika kwenye mstari, mlango unafungwa, aliye ndani awe ametoka au hajatoka. Kila aliyefanya kazi chini kule alilijua sharti hilo na alilikubali kwa mdomo wake.

Bosi wetu alikuwa Injinia Mkuu, mtu wa Tanga, tukimwita Chifu. Sijawahi kumsikia akifoka. Kadiri alivyokasirika ndivyo sauti yake ilivyoshuka, na ukifikia mahali pa kumsogelea ili umsikie, ujue umeharibikiwa.

Sasa tochi. Globu za zamani zilikuwa na uzi mwembamba unaowaka ndani ya kioo, na mtikisiko wa injini uliukata uzi huo kila mara. Mwanga wenyewe ulikuwa wa njano, na betri zilikufa haraka. Vilipoanza kuingia vile viberiti vya gesi vyenye kitaa kwenye kitako, nilikivunja kimoja nikatoa taa yake, LED, isiyozidi punje ya hindi, yenye miguu miwili ya waya. Nikachukua globu iliyoungua, nikavunja kioo, nikabakiza kitako chake cha shaba. Mguu mrefu wa LED, ambao ni chanya, nikauunganisha kwa risasi iliyoyeyushwa katikati ya kitako. Mguu mfupi, ambao ni hasi, nikauunganisha pembeni. Nikakirudisha kitako mahali pake kwenye tochi na kufunga.

Haikuwaka. Nikadhani nimeiunguza kwa moto wa risasi. Nikatoa betri, nikazirudisha, na safari hii ikawaka mwanga mweupe mpaka nikafumba macho. Nikarudia kwa makusudi. Vichwa vya betri mbele, inawaka. Vichwa nyuma, haiwaki. LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Niliyaelewa hayo yote kabla chai yangu haijapoa.

Nilibadilisha tochi tano, za watu wote wa chini. Chifu aliishika ya kwanza, akaiwasha na kuizima mara tatu, akasema mbele ya wenzangu, "Fundi, hii ni kazi." Mtu huyo alikuwa hasifu hata chakula cha mkewe. Nilivimba kichwa. Nami sikutaka kusema, papo hapo, kwamba tochi yangu ina kasoro ambayo ile ya zamani haikuwa nayo. Nikajiambia ni jambo dogo, nitawaambia baadaye. Baadaye ikawa wiki, kisha mwezi, na kwa kuwa penye taa kila mtu aliona betri anayoigeuza, kasoro haikujitokeza.

Siku yenyewe tulikuwa tunatoka kusini, tumeipita Kalya, milima ya Mahale iko kuliani kwetu na upepo unatusukuma kuelekea huko. Ilikuwa mchana. Bukuru alikuwa amepiga magoti mwisho wa handaki, anakaza nati za kifuniko kwa sababu matone yalikuwa yameongezeka. Kamba ya ndani, iliyochoka kuliko tulivyodhani, ikachomoka kipande. Ziwa likaingia kwa mshindo. Maji yakarukia nyaya za taa za handaki, zikalia na kuzimika zote.

Chifu alisimamisha injini kuu ili shafti isizunguke, akaacha jenereta isukume pampu. Meli ikaanza kupelekwa na upepo. Nilishika gurudumu la mlango kwa sababu nilikuwa karibu nalo, na sijawahi kujuta kuwa karibu na kitu kama siku ile.

"Bukuru," Chifu akaita ndani ya handaki. "Toka."

"Kamba bado imo nusu, Chifu. Nikizikaza nati itashika." Sauti yake ilitoka mbali na maji yalikuwa yakipiga kelele nyuma yake. "Nikitoka mtafunga, na mkifunga hatuna propela."

Hilo lilikuwa kweli, shafti haizungushwi beringi zinazoibeba zikiwa zimezama. Bila propela tungeishia kwenye majabali ya Mahale na abiria wote waliokaa juu ya mchele wao.

"Basi washa tochi ukaze haraka."

Tukangoja. Ndani kulibaki kweusi. Nilimulika kwa tochi yangu kutoka mlangoni, lakini mwanga wa kitaa cha kiberiti hauendi mbali, ukaishia kwenye beringi ya kwanza. Njia yenyewe haikuwa ya watu wawili kupishana, na Chifu alikuwa tayari amenizuia kwa mkono kifuani. Maji yalitoka handakini yakapita juu ya viatu vyetu. Yalikuwa shubiri moja chini ya mstari mwekundu.

"Spana imeniponyoka," Bukuru akasema. "Siioni. Mrisho, tochi yako imekufa."

Tochi yako. Nilimwona kana kwamba niko naye. Mikono ina grisi, tochi iko mfukoni na betri moja imegeuzwa kama tulivyofundishwa. Amefungua mkia akiwa ameinama, zimemtelezea zote mbili kiganjani, naye akazirudisha kwa ile sheria ya Msimamizi, zitazame upande mmoja. Na zilikuwa zinatazama upande mmoja. Nyuma.

"Bukuru," nikaita. "Toa betri uzigeuze. Zote mbili."

"Ziko sawa. Nimezipapasa, zote zinatazama upande mmoja."

"Zigeuze zote mbili. Niamini."

Chifu alinigeukia. Maji yaligusa mstari. Akanisogelea, na sauti yake ilikuwa chini kiasi kwamba nilimsoma midomo.

"Fundi, zungusha."

Mikono yangu ilikuwa juu ya gurudumu. Nawaambia ukweli kwa kuwa nimezeeka na sina cheo cha kulinda: nililizungusha. Robo mzunguko. Mlango ukashuka kiasi cha upana wa kiganja, na ule mlio wake wa chuma Bukuru lazima aliusikia kule alikokuwa. Hakupiga kelele. Alichosema kilitoka kimevurugika, kama mtu mwenye kitu mdomoni, na baadaye nilijua kwamba alikuwa ameiuma betri moja kwa meno ili isimponyoke wakati anaitia ya kwanza.

Kisha handaki likawa jeupe.

"Naiona," akasema Bukuru.

Chifu aliweka mkono wake juu ya wangu, gurudumu lisiendelee. Maji yalikuwa yamekwisha kuupita mstari kwa upana wa kidole, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona mtu yule akivunja sharti. Tulisikia spana ikigonga chuma. Nati zile hazikazwi moja mpaka mwisho, utapindisha kifuniko. Unakaza kidogo ya juu, kidogo ya chini, ya kushoto, ya kulia, unarudia. Bukuru alizikaza hivyo hivyo, bila pupa, maji yakiwa kifuani pake pale alipopiga magoti. Mshindo ukawa mchirizi, mchirizi ukawa matone. Pampu ikaanza kushinda. Mstari mwekundu ukaonekana tena.

Alipotoka alikuwa amelowa mwili mzima. Nilimpa mkono, akaupita, akakaa kwenye ngazi.

Chifu alisubiri injini iwake na meli igeuze pua yake kutoka milimani. Ndipo akaniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua, Chifu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mezani."

Nilingoja nifukuzwe. Akapanda zake juu. Jioni yake nilichukua tochi zote tano nikachonga kwa tupa mshale kwenye bati la kila moja, kuonyesha vichwa vya betri vielekee wapi. Kuchonga ni rahisi kuliko kusema. Asubuhi nilikuta tochi ya Bukuru imewekwa juu ya meza yangu, mshale na kila kitu. Alikuwa amekwenda kuchimbua tochi yake ya zamani ya globu, na ndiyo aliyoitumia mpaka anastaafu.

Hatukugombana. Niliendelea na kazi, nikapanda nikawa Fundi wa Pili, nikarudishwa karakana kuwa Msimamizi kwenye kiti kile kile cha yule bwana wa miwani. Bukuru alikuja kwenye harusi ya binti yangu, mimi nilikwenda kumzika pacha wake, Butoyi. Tulikula pamoja mara nyingi. Habari ya handaki hatukuigusa, na kila alipotoa mfukoni tochi ile ya mwanga wa njano nilitazama pembeni.

Sasa nimestaafu. Nina meza barazani kwangu Kasingirima, natengeneza redio, feni, na tochi. Nimekuwa na muda wa kufikiri, na mara nyingi mawazo yananirudisha kwenye gurudumu lile kuliko kwenye injini zote nilizozifufua. Mafundi wachanga wakija kuniuliza siri ya kazi, nawaambia kwamba kitu ukikibadilisha, taja kwanza kile ambacho hakiwezi tena kufanya, ndipo usifiwe. Wanaitikia kwa heshima. Sijui kama wanasikia.

Mwezi uliopita, alasiri, Bukuru alikuja akitembea kwa fimbo. Tukaamkiana, akakaa, akaweka tochi ya zamani mezani.

"Globu imeungua. Nimezunguka soko lote la Mwanga, hawauzi tena," akasema. "Weka hicho chako."

Nilivunja kiberiti. Mikono yangu siku hizi inatikisika, ikanichukua muda, naye alikaa akinitazama kila hatua, mguu mrefu katikati, mguu mfupi pembeni. Nilipomaliza nilichukua tupa nichonge mshale. Akanishika mkono.

"Yewe Mrisho," akaniita kwa Kirundi cha kwao, "acha kuchora. Niambie."

Nilijua anachotaka. Niliweka tupa chini.

"Ukizigeuza zote, haiwaki," nikasema.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Akayahesabu kwa vidole vyake vikubwa, neno kwa neno. Vikatosha vidole vitatu. Alivitazama, naye machozi yakamtoka bila kuyaficha, na mimi yakanitoka. Miaka yote ile nilikuwa namdai anisamehe bila kumwambia kosa.

Akaiwasha tochi, akamulika kiganja chake, akaizima. Kisha akafungua mkia, akageuza betri moja, akafunga, akaitia mfukoni mwa shati.