Siku Niliyomwonea Haya Mama Mkwe Barabarani

Ndugu zangu madereva, mniwie radhi nizungumze nimekaa. Mguu huu wa kulia haupendi kusimama muda mrefu, nao ndio ulionileta mbele yenu.

Enzi zile za vijiji vya Ujamaa nilikuwa dereva wa lori la shirika moja la umma, nakaa Temeke na mke wangu Zainabu. Nilipakia mihogo vijijini, nikapita Kibamba na kuishusha mjini. Nilijiona fundi. Sikuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni, na maringo yakanizidi.

Zainabu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake, aliyeishi kijiji kimoja karibu na Kibamba, akataka kuja kumwona mjukuu. Nilipompitia na lori, nyuma kulijaa mihogo na mvua inanyesha, ikabidi akae mbele na mimi. Sasa sisi tuliotoka kusini tulilelewa kwamba mama mkwe hatazamwi usoni, wala huzungumzi naye ovyo. Mkikutana njiani, mmoja hupisha kichakani. Ndani ya lori utapisha wapi? Akajifunika khanga mpaka puani, akajibanza kwenye mlango wa kushoto. Mie nikageuzia uso dirisha langu la kulia, nikaendesha hivyo hivyo, shingo imekakamaa, jasho linanitiririka. Upande wa kushoto wa barabara sikuutazama kabisa.

Hatujafika mbali, mama akagonga kiti mara mbili. Hakusema neno. Nikadhani amebanwa na haja, anaona haya kunitamkia. Aibu ikanishika, nikazidi kugeuza uso nikitafuta pa kuegesha. Akagonga tena, kwa nguvu. Nilipotazama mbele, mzee mmoja mwenye baiskeli ya magunia ya mkaa alikuwa ameshaingia barabarani kutoka kushoto. Nikakata usukani. Mzee alijirusha kwenye majani, akapona. Sisi tukaingia mtaroni.

Nilisikia paja langu likivunjika. Mpaka leo mtu akivunja kuni karibu yangu, nasisimka. Usukani ulinibana kifua, kila pumzi inachoma. Kushoto kwangu palikuwa kimya. Na hata katika hali ile, wallahi, nilishindwa kugeuka.

Hospitalini mguu wangu waliuning'iniza kwa kamba, na uzito wa chuma mwisho wa kitanda ukiuvuta. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi. Kidonda kikatunga usaha, harufu yake hata mwenyewe naikimbia, na homa haishuki. Daktari akaniambia bila kuzunguka, "Tukishindwa na usaha huu, tutaukata."

Niliogopa sana. Lakini lipo lililonitisha kuliko kisu. Zainabu alikuja kila siku na uji, akanilisha, akaniosha, wala hakumtaja mama yake. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nikasema basi, nimemuua mama wa mke wangu. Sikuthubutu kuuliza. Nikifumba macho, nasikia kile kiti kinagongwa.

Wiki ya tatu mama mkwe akaingia wodini kwa miguu yake, mkono umefungwa plasta. Kumbe siku zote alikuwa amelazwa jengo la pili, kwanza hana fahamu, na Zainabu aliogopa kuniongezea homa. Nilipomwona, nikageukia ukuta.

"Shikamoo, mama," nikauambia ukuta.

"Marahaba. Nitazame, mkwe."

Nikamtazama, kwa mara ya kwanza. Ana kidevu cha Zainabu.

"Ile baiskeli niliiona mapema," akasema. "Nikaona haya kukupigia kelele. Tuliogopa aibu, wewe na mie, tukasahau kuogopa kifo."

Nililia kama mtoto, naye akalia.

Usaha ulikauka kwa sindano nyingi, na mguu ukabaki wangu. Nikajifunza kutembea kwa magongo. Woga ndio haukupona. Siku ya kwanza kupanda tena lori, mkojo ulinitoka kabla sijawasha injini. Nikarudi nyumbani, nikamwambia Zainabu kazi hii basi. Mama mkwe, aliyekuwa bado kwetu, akasikia.

Namshukuru Mungu, daktari yule na mke wangu aliyeniosha bila kukunja uso. Na nyie nawaomba: ukishika usukani, haya iache chini. Mkwe, mzee, rafiki, wote utawaamkia ukishasimama. Na uliyempakia mwambie akiona hatari apige kelele, hata kama hajawahi kusema na wewe.

Mie aliyenirudisha kazini ni yule mama. Siku yake ya kurudi kijijini alikataa kupanda basi, akataka nimpeleke mimi. Akapanda mbele kwenye lori langu, akakaa wima, uso wazi. Niliendesha polepole njia nzima, naye njia nzima akanitajia kila alichokiona: shimo, ng'ombe, watoto wa shule. Tulipokaribia ule mtaro, sauti yake ikapanda.

"Baiskeli kushoto, mkwe."

Nikageuza uso kushoto, nikamwona yeye, nikaiona na baiskeli.

"Nimeiona, mama."