Nilivyokuna danzi kwenye mbuzi ya nazi ili binti yangu asirudi Pemba

Wakuu, amani iwe kwenu popote mlipo, wa Mtwara, wa Lindi, wa Dar, na nyinyi mlioko mbali mnaosoma kimya kimya bila kuchangia.

Mimi humu ni msomaji tu. Leo nimeamua kuandika. Ninachosimulia kimenikuta mwenyewe, uani kwangu. Atakayesema ni chai, aje Mocímboa da Praia, huku Msumbiji, nimuoneshe sufuria, bado lina weusi ambao nimeusugua kwa mchanga hautoki.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa mashine za boti. Marehemu baba alitoka Mtwara akaoa huku, ndiyo maana Kiswahili changu mtakikuta na vijireno ndani. Mnivumilie.

Nina mtoto mmoja, Anshia. Huko kwenu mngemwita Aisha. Ana miaka kumi na sita.

Vita vilipotufukuza tulikimbilia Pemba, ule mji wa huku huku Msumbiji, siyo kisiwa chenu, mimi, mke wangu na huyo mtoto. Mke wangu akaugua huko huko, Mungu akamchukua. Anshia akabaki kwa mdogo wa mama yake, ambaye kazi yake ni kuoka keki kwenye duka la mikate. Mimi nilipoona watu wameanza kurudi, nikarudi Mocímboa kujenga.

Nyumba niliikuta haina bati, haina milango, ukuta mmoja uko chini.

Nikamwambia mtoto kwenye simu: "Nyumba ikiisha, nitakuita."

Hiyo sentensi ishikeni. Ndiyo iliyonitesa.

Mwaka wa kwanza nikapiga bati. Wa pili nikasimamisha ukuta. Wa tatu nikaingia kwenye plasta. Kila Anshia akiuliza, namjibu bado kidogo. Wakuu, mimi mashine ya mtu siirudishi ikiwa na skrubu moja inacheza. Nilidhani kwa mtoto pia ndivyo inavyotakiwa.

Sasa mwaka huu shemeji akanipigia. "Shemeji, Anshia anakuja kwako férias, likizo ya wiki mbili. Nimemchukulia shuleni guia de transferência, ile karatasi ya kuhama shule. Akitaka kubaki huko, ataipeleka shule ya huko. Asipotaka, arudi nayo. Mtoto kakua, nimemwachia achague mwenyewe."

Nilikaa chini.

Anshia akaja. Mrefu kama mama yake, heshima zote, "Shikamoo papá," halafu kimya. Ukimuuliza anajibu. Usipomuuliza hana neno.

Chumba chake kilikuwa hakina mlango na plasta ilikuwa mbichi. Kwa hiyo nilikuwa nimeshapanga alale kwa jirani, bi Sifa, mama mtu mzima anayeishi peke yake. Anshia alikiangalia kile chumba akiwa amesimama nje, akasema "está bom," yaani sawa, akabeba begi lake akaenda kwa bi Sifa. Nikajipongeza kwamba nimemtunza mtoto asilale kwenye unyevu.

Siku nane zikapita hivyo. Anakuja asubuhi, anafagia, anapika, anaosha vyombo, jioni anaaga.

Bi Sifa ndiye aliyenipasulia. "Wee fundi, mwanao anakuaga kila jioni kama kaja kuhani msiba. Mtoto wa nyumba huaga?"

Siku hiyo sikufanya kazi. Nilishika spana nikaiweka. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Nikampigia shemeji nikamuuliza mtoto anapenda nini. Akacheka. "Brownies. Zile za chokoleti, juu naweka topping ya chungwa. Nikioka hizo, hata kama amenuna hufunguka."

Akanitumia maelekezo kwa voice note.

Kwa asiyejua, brownies ni keki ya chokoleti iliyo fupi na nzito, haiumuki kama keki ya harusi. Siagi na chokoleti unayeyusha pamoja, unatia sukari, mayai, unga kidogo na kakao. Unaoka, unakata vipande vya mraba. Kwa kusikiliza tu niliona kazi ndogo. Mtu anayeshusha mashine nzima na kuirudisha atashindwa na mayai manne?

Machungwa sokoni yalikuwepo. Lakini mimi nikataka ya nyumbani.

Hapa nipumzike kidogo niwaeleze kuhusu mti. Uani kuna mchungwa aliopanda mke wangu, mche wa kubebesha, yaani tawi la chungwa tamu limeungwa kwenye shina lingine, machungwa yake yalikuwa matamu. Nyumba ilipoungua kwenye vita na wenyewe uliungua mpaka kikabaki kisiki. Niliporudi nikakuta umechipua, na sasa unazaa. Ila unazaa danzi, kali, ukilamba unafumba macho. Majirani wanasema mti umekasirika. Hasira hazipo. Ile sehemu tamu iliyobebeshwa ndiyo iliyoungua, na chini tangu mwanzo lilikuwa shina la danzi. Mimi kuukata nilishindwa. Mikono iliyoupanda ni ya mama Anshia.

Basi nikachuma danzi sita.

Shemeji alisema kwenye voice note: "Chukua raspa ya machungwa mawili, tia kwenye unga, na nyingine nyunyiza juu."

Raspa. Kireno nilisoma, raspar najua ni kukuna. Na kwetu pwani kukuna kuna chombo chake kimoja tu, wakuu. Nikaenda kuchukua mbuzi.

Nikakata danzi nusu kwa nusu, nikakamua maji yake kwenye bakuli. Halafu nikakaa juu ya mbuzi, nikashika nusu danzi kama ninavyoshika nazi, nikaanza kukuna kwa ndani. Kukatoka kitu cheupe kizuri, laini kama nazi ambayo haijakamuliwa tui. Nikakuna mpaka nikafika kwenye ganda, na ganda nikalitupia kuku kama mtu anavyotupa kifuu.

Najua kuna dada humu ameshaanza kushika kichwa. Subiri kwanza.

Forno, yaani oveni, sina. Nikaoka kama tunavyooka mkate wa kumimina, sufuria kubwa lenye mchanga chini, bati la keki ndani, mfuniko, nikapalia makaa juu. Bi Sifa akachungulia kwenye ua. "Fundi, mashine gani hiyo leo inanukia?" Nikamwambia ya boti. Akaenda zake anacheka.

Nikachoma kijiti. Kikatoka na chokoleti. Mbichi.

Mama yangu alitufundisha kijiti kitoke kikavu, keki mbichi ni aibu ya nyumba. Nikaongeza makaa. Nikachoma tena, bado. Nikaongeza. Mara ya nne kikatoka kikavu, tena kwa shida, maana kuingia kwenyewe kilikuwa hakitaki.

Nikatwanga sukari kwenye kinu ikawa unga, nikachanganya na maji ya danzi, nikamwaga juu, nikanyunyiza ile nyeupe yangu. Kwa macho ilikuwa nzuri sana.

Anshia alipokuja nikamwekea kipande kwenye sahani. Nilisimama pembeni nikijifanya natafuta kitu.

Akang'ata. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akanitazama, akatema kwenye kiganja.

"Papá, hii raspa umeitoa wapi?"

Nikamuonesha mbuzi.

"Umekuna kwa wapi?"

"Kwa ndani. Si ndiyo inavyokunwa?"

"Na ganda?"

"Nimewapa kuku."

Wakuu, yule mtoto alicheka. Alicheka akashika nguzo, nguzo ikamshinda akakaa chini. "Raspa ni ya nje, papá! Ile ya rangi! Nyeupe ndiyo uchungu wenyewe, wewe umetupa raspa umetuwekea uchungu!"

Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mama yake alipoondoka. Nilionja na mimi. Ilikuwa chungu kama dawa na ngumu kama tofali. Nilikula kipande kizima na sikujali.

Akasema, "Kesho tuoke pamoja."

Hilo neno "tuoke" lilinifanya nisilale vizuri, kwa furaha.

Kesho yake nikachukua kopo la dagaa la kizungu, sardinha, nikalipasua, nikalitoboa kwa msumari matundu mengi, meno yakawa upande wa nje. Anshia akalipenda. Akasugua danzi taratibu, anazungusha, ile njano tu, akiona weupe anahama. Ua mzima ukanukia. Kumbe harufu yote iko hapo juu, mimi nilikuwa nimeipelekea kuku.

Tukaweka kwenye sufuria, tukapalia makaa. Tulikuwa tunaongea. Ananieleza shule yake, rafiki zake, mwalimu anayesinzia. Mimi nasikiliza.

Baada ya muda akafunua, akachoma kijiti. Kikatoka na chokoleti imeng'ang'ania.

"Tutoe," akasema.

"Bado mbichi."

"Brownies ndivyo zinavyotakiwa. Tutoe."

"Dakika kumi tu, kijiti kitoke kikavu."

Akakiweka kijiti chini. Hakupandisha sauti.

"Wewe kila kitu ni bado. Nyumba bado. Chumba bado. Kila mwaka mama mdogo ananiambia jiandae, papá atakuita. Najiandaa. Wewe unasema bado kidogo. Mimi nikajua hunitaki, unaona aibu kusema."

Wakuu, na mimi mtu mzima, mnajua nilijibu nini? Nilimjibu: "Plasta ilikuwa haijakauka."

Akanitazama. "Nani alikuomba plasta?"

Miaka mitatu mtoto anasubiri baba, mimi nasubiri ukuta. Nilisikia vibaya, vibaya kabisa, nikatamani anitukane tu yaishe.

Nikainama nikaondoa makaa, nikaipua sufuria kwa haraka bila kitambaa. Kidole hiki ninachoandikia kina kovu.

"Haya, nimetoa," nikamwambia. "Na wewe nisamehe. Sikujua nakuumiza. Nilikutaka siku zote."

Akanishika ule mkono akautia kwenye ndoo ya maji, akaushikilia humo. Halafu akasema, "Ikitoka kwenye moto inaendelea kuiva yenyewe. Moto uko ndani."

Na ni kweli, fundi yeyote anajua chuma hakipoi kwa kuzima mashine. Nilikuwa najua kwenye chuma tu.

Tukasubiri ipoe, akamwaga topping, akanyunyiza njano yake. Tukampelekea bi Sifa. Akabonyeza kwa kidole. "Mbona mbichi hii?" Akala. Akachukua cha pili. Cha tatu akakifunga kwenye ncha ya nguo yake. "Mbichi, lakini acheni hapa hapa."

Ule ukali wa danzi ndio unaokata utamu wa chokoleti. Anshia anasema chungwa tamu la Pemba halifikii, na mimi namuamini kwa sababu napenda kuamini.

Jioni ile sikuagwa.

Nilimuona anatoka kwa bi Sifa na godoro kichwani. Akaingia kwenye kile chumba chenye plasta yenye mabaka. Akaniomba nyundo na misumari miwili, akatundika kapulana, kanga ya huku, ya marehemu mama yake pale penye nafasi ya mlango.

Halafu akaniletea ile karatasi ya shule. Chini kuna mstari wa encarregado de educação, mzazi au mlezi. Kwenye karatasi zake zote jina hapo ni la mama yake mdogo. Huu mstari ulikuwa mtupu.

"Weka sahihi, papá."

Nikaweka. Kidole kilikuwa na chokoleti, kikaacha alama pale pembeni. Nikataka kuifuta, akaninyang'anya karatasi. Kule shule karani aliitazama ile alama, akainusa, akagonga muhuri.

Ndiyo hivyo, wakuu.

Nilichojifunza mimi ni kwamba mtu wako usimsubirishe mpaka mambo yako yakae sawa. Muite kukiwa bado kubichi, mkamalizie pamoja. Nilikuwa nampenda mwanangu kwa ndani kama nilivyokuna lile danzi, na kilichomfikia kilikuwa uchungu.

Mlango ninao, nilishauchonga, umeegemea ukutani. Nikimwambia Anshia niupachike, anasema bado kidogo, halafu anacheka.

Sasa karibuni mchangie. Mnaooka kwa makaa, nipeni mbinu za kupima moto wa juu na wa chini. Na mwenye mtoto wake mbali anayemwambia "bado kidogo", aseme hapa anasubiri nini, tumsaidie kupunguza.

Ila asije mtu kuniambia ningoje kijiti kitoke kikavu.