Mbwa Wangu Alivyoniwinda Kichakani

Wenzangu, mimi nimewahi kuwindwa.

Na mbwa. Tena mbwa niliyemlisha kwa mkono wangu, mbele ya watu kama thelathini, nikiwa nimechuchumaa kichakani na aproni imejaa jibini.

Sasa hivi nacheka. Siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Naandika ili mama mwenye mtoto mmoja asome akae chonjo. Shule yangu iliishia la tano, mnivumilie.

Naitwa Ersilia. Tunaishi milimani huku Umbria, Italia, mimi na mume wangu Settimio na mtoto wetu pekee, Nevio. Ana miaka ishirini na miwili.

Mwaka ule Nevio alikuwa na njia mbili.

Bonde la pili kuna bwana mmoja, Duilio, anafunza mbwa wa kuwinda ndege. Alikuwa anatafuta kijana wa kumwachia kazi, na mimi nikahesabu kwamba jioni mwanangu angerudi kulala nyumbani. Sharti lake: njoo na mbwa mchanga uliyemfunza mwenyewe, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tisa, watu waone.

Njia ya pili ilikuwa basi la kwenda Ujerumani, kiwandani kwa binamu yake.

Begi lilishapangwa, lipo chini ya kitanda chake. Nililiona nikifagia. Kuanzia hapo usingizi ukanihama.

Mbwa wake aliitwa Brina, jike, mweupe mwenye madoa. Mbwa hawa hawakamati ndege. Wakinusa kwale kwenye majani wanaganda, mguu mmoja juu, mpaka mwindaji afike. Shingoni wana kengele. Kengele ikinyamaza, ujue pua imepata.

Kwale akiruka, bunduki ikalia, mbwa asisogee hata ukucha. Hapo ndipo wengi wanapofelia.

Nevio alimfundisha taratibu, na kamba ndefu, kila asubuhi. "Tulia... tulia... hapo hapo, mrembo wangu." Mimi mama yake hajawahi kunisemesha hivyo.

Sasa mwezi wa sita nikasikia kwa muoka mikate kwamba mbwa akiogopa mlio wa bunduki, kwisha habari yake. Hata bure hachukuliwi.

Presha ikapanda.

"Nevio, umemzoesha mlio?"

"Bado, Mama. Bado mdogo."

"Mdogo wa nini? Imebaki miezi mitatu!"

"Mama, nakuomba. Brina mwachie mimi. Niahidi."

Nikaahidi. Mdomo ndio ulioahidi, mikono haikuwepo.

Akiondoka tu kwenda kukata kuni, mimi huyo na mfuniko wa sufuria kubwa. Naugonga kwa mwiko wa chuma. PAA! Halafu namrushia Brina ganda la jibini la kondoo.

Siku ya kwanza alijificha chini ya meza. Wiki ya tatu, PAA, anakuja mbio ulimi nje.

Kichwa kikanivimba. Nikajiona profesa.

Mfuniko ule ndio niliokuwa nikimwitia Nevio chakula tangu ana miaka mitatu. Awe mbali vipi, PAA, huyo anakuja.

Siku moja Settimio akanikuta. "Ersilia, unapika au unafunza mbwa?"

"Vyote."

"Haya. Mimi simo."

Jumapili ikafika. Nevio kaniambia, "Baki nyumbani, Mama. Ukiwepo natetemeka."

Nikabaki. Dakika kumi.

Nikapita nyuma ya mizabibu, nikajipenyeza kwenye kichaka cha miiba pembeni ya uwanja. Maganda ya jibini nilibeba ya kumpongeza.

Brina akaachiwa. Jamani, yule mbwa! Anakata majani kushoto, kulia, kengele inacheza. Ghafla kimya. Kaganda. Hata mkia hautikisiki.

Nilianza kulia.

Nevio akasogea, kwale akaruka, Brina katulia. Duilio akainua bastola yake ya baruti tupu.

PAA!

Brina akageuka. Akaondoka mbio, masikio nyuma, Nevio anapiga filimbi mpaka mishipa ya shingo inatoka. Mbwa hasikii.

Anakuja kwangu.

Hatua tatu mbele ya kichaka, kengele ikanyamaza. Kaganda, mguu juu, pua imenielekea mimi.

"Kaeni kimya!" Duilio akanong'ona. "Kuna mwingine. Tena mkubwa."

Akaja akinyata. Akapanua matawi.

Tukatazamana.

"Bi Ersilia," akasema, "wewe ni kwale wa aina gani?"

Watu waliangua kicheko, mwingine akadondosha kofia. Nevio akaja anahema, uso umeiva. "Mama!"

Nikakiri yote pale pale, miiba kwenye nywele.

"Unagonga, anakula?" Duilio akauliza.

"Ndiyo."

"Miezi mitatu?"

"Na siku kadhaa."

Akavua miwani, akafuta machozi. Kisha akawa makini.

"Pua ya huyu mbwa sijaiona miaka. Na kijana amemfunza vizuri. Ila bunduki kwake ni chakula cha mchana. Hilo nitamwachisha kipindi cha baridi kinachokuja. Nawachukua wote wawili, watakaa kwangu. Lakini wewe, Mama, mpaka Pasaka usikanyage bonde langu. Na mfuniko wako ubaki huko huko."

Miezi mitatu nilihangaika asiondoke nyumbani. Nikamfukuza kwa jibini langu mwenyewe.

Njiani nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

"Nilijua tangu mwezi wa saba. Mfuniko umebonyea, Brina ananuka jibini."

"Mbona hukunikataza?"

"Nilikukataza, Mama. Uliniahidi. Kila siku nilisema labda leo ataacha."

Hilo liliniuma kuliko miiba.

Mwezi wa kwanza, msimu wa kuwinda ukikaribia kufungwa, nilikuwa jikoni. Bunduki ikalia mlimani, PAA. Nilipozinduka nilikuwa nimesimama mlangoni, ganda la jibini mkononi. Mezani nimepanga sahani ya Nevio, chini bakuli la Brina.

Settimio alikuwa ananitazama.

"Nimeongea na Nevio jana," akasema. "Brina ameshaacha. Umebaki wewe."

Mama mwenzangu, mtoto akikuomba umwachie jambo lake, mwachie kweli. Mfuniko urudishe juu ya sufuria.