Kiswahili Nilichokwenda Nacho Ggaba

Nakumbuka asubuhi ya kwanza nilipoitwa afande, mwanangu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimejifunga kitambaa kichwani na kukumbatia faili la karatasi. Hata kuku sikuwa nimewahi kumchinja. Aliyeniita hivyo alikuwa mchuuzi wa samaki pale Ggaba, sokoni kando ya ziwa, mama wa mapacha, na kwa hiyo kila mtu alimwita Nnalongo. Alisimama wima, akainamisha macho, akasema, "Ndiyo, afande." Nami sikumsahihisha. Tangu ulipoleta habari kwamba umepata kazi ya kuandikisha watu kwenye utafiti wa dawa, Rehema, sura ya mama yule hainitoki. Nimeona nikueleze yote, hata yale ambayo marehemu babu yako, mume wangu, sikuwahi kumwambia.

Ilikuwa miaka ya utawala wa jeshi. Baba yangu, Maalim Omari, alifundisha Kurani hapa hapa Kibuli, Kampala, na nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, kwa sababu wazee wetu walikuja na biashara kutoka pwani na lugha haikutupotea. Kwetu sisi ilikuwa lugha ya kumbembelezea mtoto na ya kumwombea dua mgonjwa. Nje ya mlango wetu mambo yalikuwa mengine. Watu wa Kampala walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa askari aliyeshika bunduki. Mama yangu alipokwenda sokoni alisema Kiganda tu, hata na sisi wanawe, ili wauzaji wasinyamaze.

Nilipata kazi kwenye ofisi ndogo ya utafiti wa kifua kikuu. Daktari wetu mkuu, Dakta Ssali, mtu mpole aliyezoea kusafisha miwani yake kwa ncha ya tai, alitaka kujua kama wagonjwa wangepona upesi zaidi kwa mpango mpya wenye sindano nyingi kuliko kwa matibabu ya kawaida. Kazi yangu ilikuwa kuwafuata nyumbani watu ambao makohozi yao yalikuwa yamepimwa na kuonekana na ugonjwa, kuwaeleza, na kuwaomba wajiunge.

Dakta Ssali alinikalisha asubuhi nzima akinifundisha la kusema. Mwambie mgonjwa kwamba akikataa, matibabu ya kawaida yapo palepale na hakuna atakayemkasirikia. Mwambie anaweza kujitoa siku yoyote. Na mwambie, hapo alinyoosha kidole, kwamba sindano hizi zinaweza kudhuru masikio. Akisikia mvumo, au akipata kizunguzungu, aje siku hiyohiyo, nasi tutazisimamisha. Nilirudia maneno yake mpaka yakanikaa.

Majuma ya kwanza nilifanya hivyo. Nilikwenda kwa miguu, nikasema Kiganda, nikaeleza kila kitu. Watu walinisikiliza kwa adabu, kisha walipoona naandika jina na mahali wanapoishi, nyuso zao zilijifunga. Uelewe nyakati zenyewe, mwanangu. Jina likiandikwa na mtu usiyemjua, hukujua litasomwa na nani. Kule Kasubi mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama karatasi zangu zingelala ofisini au zingekwenda kwingine, na kabla sijamjibu akasema samahani, amekumbuka ana shughuli. Wengine niliwapoteza nilipofika kwenye habari ya masikio. Nilikuwa nikirudi ofisini na faili jepesi, na mwenzangu aliyefanya kazi upande wa Entebbe alikuwa akirudi na lake limejaa. Sikupenda hivyo. Nilikuwa nimezoea kuwa wa kwanza darasani.

Kisha tukapewa gari la serikali, na dereva aliyekuwa polisi zamani, ambaye hakuwa ameacha kuvaa kaki. Siku ile tuliyofika Ggaba soko lilikuwa limejaa, mashua zimeshusha samaki, akina mama wanapigania bei. Nikamwambia dereva kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida tu, asimamishe gari pale kwenye kivuli. Mwanangu, soko lilinyamaza. Walioshika mizani waliishusha. Niliuliza kwa Kiswahili hichohicho, maana ndicho kilichokuwa mdomoni, yuko wapi Nnalongo aliyepimwa makohozi, naye akajitokeza akijifuta magamba ya samaki mikononi. Nilimwambia kuna dawa mpya ya sindano kwa ugonjwa wake, anatakiwa kutia dole gumba hapa. Ndipo akasema yale aliyoyasema, akatia dole gumba. Hakuuliza hata swali moja. Yote hayo hayakuchukua muda wa kuchemsha chai.

Ningeweza kukuambia kwamba sikuelewa. Nilielewa. Tulipokuwa tukiondoka dereva alicheka, akasema leo umekuwa kapteni, nami nikacheka pamoja naye. Kuanzia siku ile nikawa nashuka garini na Kiswahili changu popote tulipokwenda, hata kwa watu ambao ningeweza kuzungumza nao Kiganda kama dada yao. Faili likajaa. Habari ya masikio niliiacha, kwa kuwa hakuna aliyeiuliza. Habari kwamba mtu anaweza kukataa niliiacha pia. Dakta Ssali alinisifu mbele ya wenzangu, na sifa ile nilitembea nayo juma zima.

Nnalongo alidungwa sindano kila siku kwenye zahanati ya jirani. Mimi nilikwenda mara moja kwa juma na fomu yangu. Niliuliza kama kuna shida, akajibu hakuna, afande, nikaandika hakuna. Kikohozi kilikuwa kinapungua na mwili unarudi, hata mimi niliona. Lakini juma moja nilimkuta ameshika ukingo wa meza ya samaki kwa mikono miwili, kama mtu aliye ndani ya mashua. Nikauliza, akasema hakuna. Juma lililofuata nilipozungumza hakunitazama machoni, alitazama midomo yangu. Jambo lile lilinigusa, nikasita na kalamu mkononi. Kisha nikaandika hakuna, nikapanda gari.

Dada yake, Nakato, ndiye aliyenisimamisha. Nilimkuta peke yake mezani siku moja, akanieleza kwamba Nnalongo yuko ndani amelala, hawezi kutembea bila kushika ukuta, na ukimwita kutoka nyuma hageuki. Alisema kelele za nyuki zilimwanzia masikioni zaidi ya mwezi uliopita.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Aseme kwa nani?" Nakato alijibu. "Serikali imekuja na gari, imesema adungwe. Sisi tulidhani akiacha, mtamfuata."

Nilipompelekea habari hiyo, Dakta Ssali alizisimamisha sindano siku hiyohiyo, akamrudisha kwenye vidonge. Kizunguzungu kilipungua taratibu. Masikio hayakurudi. Jioni ile daktari aliniita, akaniuliza swali moja tu, kama nilimwambia mama huyu kuhusu masikio. Nikasema nilimwambia. Akavua miwani, akaisafisha muda mrefu, akasema basi huenda hakuelewa, maskini. Kwa hiyo nilimfanya Nnalongo kiziwi, halafu nikamfanya mjinga.

Nilikaa na uongo huo siku tatu. Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, nilimkuta baba barazani anakunja mikeka ya wanafunzi wake, nikamwambia yote, nikitumaini kwamba atanihurumia kwa sababu nyakati zilikuwa mbaya kwa kila mtu. Alikunja mkeka wa mwisho kabla hajasema.

"Wale wenye bunduki waliikuta lugha yetu wakaichukua," alisema. "Hatukuwa na la kufanya. Lakini wewe umeitoa nyumbani kwa mkono wako mwenyewe ukawatishia watu wagonjwa. Mama yule hakukukubalia, binti yangu. Alikuogopa. Na wewe ulijua tofauti."

Hakupandisha sauti. Alisema niende kwanza kwa daktari, kisha Ggaba, na nisiende na gari lile. Nikamwuliza nitamwambia nini mtu asiyesikia. Akasema hilo nilifikirie njiani.

Dakta Ssali alinisikiliza amesimama dirishani, amenipa mgongo. Hakunifukuza. Aliniondoa kwenye uandikishaji, akaniweka chumba cha nyuma kuosha chupa za makohozi, kazi niliyoifanya mpaka nilipoolewa. Yeye mwenyewe alizunguka kwa kila mtu niliyemwandikisha, akaeleza upya kwa Kiganda, mmoja baada ya mwingine. Baadhi walijitoa papo hapo. Wawili walikubali kwamba mvumo ulikuwa umeanza na walikuwa wakiuficha, na hao waliwahiwa. Wengi walibaki. Hilo la mwisho, mwanangu, ndilo lililoniumiza zaidi, na utaona kwa nini.

Nilipanda teksi mpaka Ggaba. Nnalongo alikuwa amerudi mezani kwake, anauza, Nakato kando yake akimwonyesha kwa vidole bei wanazotaja wateja. Nilipiga magoti mbele yake, kama binti wa Kiganda anavyompigia mkubwa wake, nikaanza kusema kwa Kiganda. Aliniangalia midomo, akatikisa kichwa. Nakato alimwelekea, akagusa masikio yake, akanionyesha mimi, akagusa mdomo wangu, akaufunika kwa kiganja. Alikuwa anamwambia: binti huyu alijua, akanyamaza. Nnalongo alifahamu. Nilitarajia anipige, na wallahi ningeshukuru.

Alizungumza kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiosikia sauti yao wenyewe, hata wauzaji wa meza za mbali wakageuka.

"Ungeniambia ningekubali," alisema. "Nilikuwa na watoto wawili wadogo na kifua kinachotema damu. Ningekubali tu. Lakini siku nyuki walipoanza, ningekuja kwenu mbio."

Kisha akachukua kisu, akaendelea kuparua samaki, kwa kuwa mteja alikuwa anangoja.

Nilirudi kwake mara nyingi baadaye. Wakati mwingine nilimsaidia kubeba, wakati mwingine nilikaa tu. Mapacha wake walikua, wakajifunza kuzungumza naye kwa mikono na nyuso. Siku ya harusi ya mmoja wao nilimwona ameweka kiganja juu ya ngoma, ili aisikie kwa mkono. Alinisamehe, alinionyesha hivyo kwa njia zake, na alikufa akiwa mzee mwenye kifua kizima. Lakini msamaha wake haukunirudishia asubuhi ile ya sokoni. Umri wangu wote nimeibeba.

Sasa wewe, Rehema, unakwenda kwenye kazi ileile, na nyakati zako si zangu, alhamdulillahi. Sikuambii uiache. Kifua cha Nnalongo kilipona, na watoto wengi leo wanapona kwa sababu kuna watu waliokubali kudungwa kabla yao. Ninalokuomba ni kwamba usiridhike na "ndiyo" ya mtu mpaka uwe umemfungulia njia ya kusema "hapana" na ukaona kwamba ameiona. Angalia unaingiaje kwake. Gari lako, kitambulisho chako cha shingoni, Kiingereza chako cha chuo, hata koti jeupe, vyote vinaweza kumwogopesha mtu kuliko unavyodhani, na mtu mwenye hofu atakutilia sahihi kwenye karatasi yoyote. Mwambie la kutisha kabla ya la kupendeza. Akiogopa akaondoka, mwache aende na afya yake, hakudai kitu na wewe humdai. Na ukiona anatazama midomo yako, usiandike hakuna. Weka kalamu chini, umuulize tena, kwa lugha anayomlilia nayo mama yake. Ukikosea, na utakosea, mwambie mkubwa wako siku hiyohiyo. Siku zangu tatu zilikuwa siku tatu ambazo wale wawili waliendelea kudungwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moyo wa kuvumilia faili jepesi. Akujalie wagonjwa wako wakuone mlangoni wafurahi, wakuulize maswali mengi mpaka uchoke, na wasikuite kwa jina lolote ila lile tulilokupa sisi nyumbani.